Kutazama na Kuona

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mgeni wa lugha hii huvichanganya, naye mwenyeji huvitumia kila siku bila kuvifikiria. Vitenzi hivyo ni kutazama na kuona. Kutazama ni kazi ya macho: mtu hutazama saa, hutazama mbele, hutazama mpira uwanjani. Kuona ni jambo pana zaidi. Mtu huona njaa, huona kiu, huona baridi, huona haya, huona uchungu, huona fahari. Hakuna hata moja kati ya hayo lipitalo machoni. Njaa haina rangi, wala haya haina umbo. Hata hivyo mtu akibanwa na njaa usiku wa manane, katika chumba chenye giza, husema, "Naona njaa," na hapana amwulizaye ameionaje pasipo taa. Wengine katika nchi yetu husema kwamba waisikia njaa hiyo hiyo. Kwa hiyo lugha yetu hulibadilisha jicho kwa sikio, na sikio kwa jicho, na watu huelewana bila taabu.

Wazee waliotuachia lugha hii hawakuwa na maabara. Lakini ndani ya maneno yao limo swali ambalo wanafunzi huliuliza darasani, na ambalo wataalamu wa dunia wamelishughulikia kwa muda mrefu: je, binadamu aweza kuona kwa njia nyingine, isiyokuwa ile nuru ya kawaida iingiayo machoni? Twapenda kulichunguza swali hili kwa utaratibu. Kwanza tutaiangalia nuru yenyewe na mipaka ya jicho. Kisha tutayapima madai ya watu wanaosema kwamba waona bila macho. Mwisho tutawageukia ndugu zetu wasioona, kwa maana wao ndio wenye haki ya kusikilizwa kwanza katika shauri hili. Swali hili si la mchezo. Jibu tunalolitoa ndilo huamua ni mtoto yupi tunayemhesabu kuwa anaweza kufundishwa, na ni yupi tunayemwacha nyumbani.

Tuanze na nuru. Nuru husafiri kwa mawimbi, na rangi tunazoziona hutofautiana kwa urefu wa mawimbi hayo. Jicho la binadamu hupokea mawimbi yenye urefu wa kiasi cha nanomita 380 hadi 750, na nanomita moja ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Ndani ya kipimo hicho kidogo zimo rangi zote za upinde wa mvua, zikianzia urujuani na kuishia nyekundu. Nje yake jicho halina habari. Lakini ulimwengu haukomi pale jicho linapokomea. Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliitawanya nuru ya jua kwa mche wa kioo, akaweka vipimajoto katika kila rangi. Akakuta kwamba kipimajoto kilichowekwa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana nuru yoyote, kilipanda kuliko vyote. Hiyo ndiyo mionzi tuiitayo infraredi. Mwaka uliofuata, 1801, Mjerumani Johann Wilhelm Ritter alitafuta upande wa pili, akaona kwamba chumvi ya madini ya fedha iligeuka nyeusi nje ya rangi ya urujuani. Hiyo ndiyo mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1895 Wilhelm Conrad Röntgen akagundua mionzi ya eksirei, ambayo leo kila hospitali kubwa huitumia kutazama mifupa.

Basi yamkini tumezungukwa na nuru nyingi, nasi twapata sehemu ndogo tu. Nyuki huuona urujuanimno, na maua ambayo kwetu yana rangi moja, kwake yana alama na michirizi. Infraredi nayo twaipata, ila kwa ngozi. Mpishi wa chapati husogeza kiganja chake juu ya chuma kilichopo motoni, bila kukigusa, akajua kama kimefikia kiasi. Kiganja kile kimepokea mionzi ambayo jicho haliioni. Lakini je, kiganja kimeona? Kimejua kwamba kuna moto. Hakikujua umbo la chuma, wala mpasuko uliopo ukingoni mwake. Kupokea mionzi ni jambo moja, na kuona ni jambo jingine.

Hata mipaka ya jicho lenyewe haikunyooka kama ukuta. Lenzi ya jicho huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno usifike kwenye retina. Watu walioondolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho, pasipo kuwekewa nyingine, wamewahi kuuona mwanga wa urujuanimno ulio karibu na rangi zetu. Mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba mtu akimulikwa kwa leza ya infraredi, ambayo mapigo yake ni mafupi na ya kasi mno, huona kimulimuli cha kijani. Sababu yake ni kwamba chembe mbili za nuru hiyo hugonga mahali pamoja kwa wakati mmoja, na nguvu zao zikijumlishwa huwa sawa na chembe moja ya nuru ya kawaida. Wanaanga waliokwenda mwezini tangu mwaka 1969 walisimulia kwamba waliona vimweso ilhali wamefumba macho, navyo vilitokana na chembe za mionzi ya anga za mbali zilizopenya vichwani mwao. Hata mtoto mdogo, akilibonyeza polepole jicho alilolifumba, huona duara la mwanga ambalo halipo. Mambo haya yatufundisha kwamba nuru ni mlango tu. Kuona hufanyika ndani ya nyumba.

Kwa kuwa jicho lina mipaka, hawakukosekana watu waliodai kwamba wameupata mlango mwingine wa siri. Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari katika miaka ya 1980 alifika shuleni kwetu mtu wa mazingaombwe. Alifungwa kitambaa cheusi machoni, kisha akashika noti iliyotolewa mfukoni mwa mwalimu, akaipapasa kwa vidole, akaisoma namba yake tarakimu kwa tarakimu. Ukumbi ulitetemeka kwa makofi. Mwalimu wetu wa fizikia, aliyekuwa mtu wa maneno machache, hakupiga makofi. Alisema tu, "Kesho tutalijadili darasani." Kesho yake alituleta mbele mmoja mmoja, akatufunga kitambaa, akatuambia tuinamishe macho kuelekea chini. Kila mmoja wetu aliona kijipenyo cha mwanga pembeni mwa pua, na katika kijipenyo hicho aliweza kusoma kitabu kilichowekwa karibu na kifua.

Baadaye tulisoma kwamba somo lile la darasani lilikuwa limewahi kufundishwa dunia nzima. Mwaka 1920 mwandishi wa Ufaransa, Jules Romains, alitoa kitabu akidai kwamba ngozi ya binadamu yaweza kuona. Katika miaka ya 1960, nchini Urusi, mwanamke aitwaye Rosa Kuleshova alipata sifa kubwa kwa kusoma maandishi ya kawaida kwa ncha za vidole huku amefungwa macho, na magazeti yakaandika kwamba sayansi imepata hisi mpya. Mwaka 1966 Mmarekani Martin Gardner aliandika katika jarida la Science akaeleza hila za watu wa mazingaombwe, na jinsi ilivyo vigumu kumfunga mtu macho pasipo kuacha upenyo wa puani. Pale masharti yalipokazwa, na upenyo ule ukazibwa, maajabu yalitoweka. Vidole havikuona rangi.

Yafaa vijana wetu walishike jambo hili. Nchi yetu haijaishiwa na watu wanaojitangaza kuwa waona yaliyofichika, wengine kwa kioo, wengine kwa bao, na wote kwa malipo. Swali la kuwauliza si gumu: je, waweza kuona pale tunapouziba upenyo? Atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo amekwisha kujibu.

Lakini kumfichua mwongo hakumalizi swali letu. Wapo watu ambao hawahitaji kufungwa kitambaa, nao huenda, hurudi, hufanya kazi, hulea watoto. Mmoja wao tulimjua kwa karibu. Tulipoajiriwa serikalini mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulipangiwa kazi ya ukarani wa masjala katika ofisi moja ya mkoa. Ofisini hapo alikuwapo opereta wa simu asiyeona. Alitupita umri sana, nasi tulimwita Mzee kama ilivyo desturi; yeye alituita "kijana wangu". Chumba cha swichibodi kilikuwa mwisho wa korido ndefu. Alikuwa na fimbo yake siku zote, lakini alipokaribia mlango alipiga kidoko kimoja kwa ulimi, ndipo akakata kona, wala bega lake halikugusa mhimili.

Siku moja wapagazi waliweka kabati la mafaili katikati ya korido, wakaenda zao. Sisi tulikuwa nyuma yake, tukaona kwamba atajigonga. Kabla hatujatamka neno, Mzee alisimama hatua mbili mbele ya kabati lile, akapiga kidoko upande wa kulia, akapiga na kushoto, akalizunguka, akaendelea na safari yake. Tulimkimbilia tukamwuliza, "Mzee, umelionaje?" Akacheka. "Kijana wangu, ninyi mkifika nyumbani kwa mtu hampigi hodi? Na mimi hupiga hodi. Nyumba ikiwa tupu, hodi huenda mbali. Leo nimepiga hodi, nikaitikiwa karibu mno."

Maneno yale ya opereta wetu yalikuwa yamethibitishwa na wataalamu kabla sisi hatujazaliwa. Kwa muda mrefu wasomi wa Ulaya walijua kwamba baadhi ya wasioona hutambua ukuta kabla ya kuugusa. Mwaka 1749 Mfaransa Denis Diderot aliandika juu ya jambo hilo, akadhani kwamba hewa inayogonga uso ndiyo huwapa habari. Wasioona wenyewe, wengi wao, walisema kwamba huhisi kitu usoni. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Michael Supa, ambaye mwenyewe alikuwa haoni, pamoja na wenzake wawili, walitoa matokeo ya majaribio yao. Waliwatembeza watu wasioona, na wenye macho waliofungwa vitambaa, kuuelekea ukuta. Walipowafunika uso na ngozi kwa nguo nzito, bado waliutambua ukuta. Walipowaziba masikio, wakaugonga. Hivyo ikajulikana kwamba kilichoona ni sikio. Sauti ya hatua zao ilikwenda ukutani ikarudi, nao waliusoma mwangwi huo bila hata kujua kwamba wanausoma.

Mwaka huo huo wa 1944 Mmarekani Donald Griffin aliupa jina la kitaalamu ujuzi wa popo, ambao huruka gizani kwa kupiga sauti na kusikiliza mwangwi wake. Tangu hapo watu wengi wamechunguzwa. Anayejulikana zaidi ni Mmarekani Daniel Kish, aliyezaliwa mwaka 1966, naye aliondolewa macho yote mawili kabla ya kutimiza miezi kumi na minne kwa sababu ya saratani ya retina. Kish alijifundisha kupiga vidoko tangu utoto wake, akatembea peke yake milimani, akaendesha baiskeli, na baadaye akawafundisha wengine. Mwaka 2011 wataalamu wa Kanada walirekodi vidoko na miangwi ya watu wawili wa namna hiyo, wakawasikilizisha huku wakipima kazi ya ubongo wao. Sehemu ya nyuma ya ubongo, ile ambayo kwa mtu mwenye macho hupokea habari za nuru, ilikuwa ikifanya kazi kwa ajili ya mwangwi. Nyumba ilikuwa ile ile; mlango tu ndio uliobadilika.

Je, huo ni mujiza waliopewa wachache? La. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walitangaza kwamba waliwafundisha watu 12 wasioona na watu 14 wenye macho kutumia vidoko kwa muda wa wiki kumi. Umri wao ulianzia miaka ishirini na moja hadi miaka sabini na tisa. Wote wakaendelea vizuri kwa mazoezi. Jambo hili hufundishika, kama kusoma kunavyofundishika.

Yanayosemwa juu ya sikio yasemwa pia juu ya ngozi. Mwaka 1969 daktari Paul Bach-y-Rita na wenzake, huko Marekani, walitengeneza kiti ambacho mgongo wake ulikuwa na vijiti 400 vya kutetemeka, vimepangwa safu ishirini kwa ishirini. Kamera ya televisheni ilipiga picha ya kilichokuwa mbele, na vijiti vile viliichora picha hiyo juu ya ngozi ya mgongo wa mtu aliyekaa. Wasioona walioketi hapo waliweza, baada ya saa kadhaa za mazoezi, kutambua simu, kikombe na kiti. Lakini sharti moja lilikuwa la lazima: aliyekaa ndiye aliyetakiwa kuiongoza kamera kwa mkono wake mwenyewe. Kamera ikiongozwa na mwingine, yeye alihisi kuwashwawashwa mgongoni tu. Akiiongoza mwenyewe, kidogo kidogo aliacha kuuhisi mgongo, akaanza kukihisi kitu kikiwa mbele yake, mahali kilipo hasa. Kuona hupatikana kwa kutafuta.

Mabaharia wa pwani yetu wasingeshangaa kusikia hayo. Nahodha wa jahazi aliyeingia usiku kwenye mlango wa bandari alitia bildi, yaani timazi ya risasi yenye kamba, akaujua urefu wa maji na hali ya chini, kama ni mchanga, au tope, au jiwe. Mkono wake ulifika mahali ambapo jicho lake halikuweza kufika hata mchana. Fimbo ya asiyeona ni bildi ya nchi kavu. Wahenga walilijua jambo hilo waliposema kwamba kipofu hasahau mkongojo wake, maana mkongojo ule ni sehemu ya mkono wake, na mwisho wake ndipo alipo.

Katika yote yaliyobuniwa kwa ajili ya ngozi, hakuna lililoleta faida kuliko maandishi ya nukta nundu. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809. Akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo cha karakana ya baba yake, fundi wa ngozi, na maradhi yakahamia jicho la pili. Mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano, alikuwa amekwisha kubuni mpango wa nukta sita ambazo kwa kupangwa kwake hutoa alama 63, nao ulichapishwa mwaka 1829. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba kwa watu waliopofuka utotoni, kusoma nukta hizo kwa kidole huamsha ile ile sehemu ya ubongo iliyoumbiwa nuru.

Historia yetu nayo si maskini wa mifano. Sisi tuliokua katika zama za Redio Tanzania Dar es Salaam tulizizoea ngoma zilizotangulia taarifa ya habari. Mapigo yale yalikuwa ya Mzee Morris Nyunyusa, ambaye hakuwa akiona, naye alipiga ngoma nyingi peke yake, zikiwa zimemzunguka. Kila mkono ulijua ngoma ipi iko wapi na kwa umbali gani. Taifa zima likinyamaza kusikiliza habari za dunia, liliitwa kwanza na mtu asiyeona. Tena, usiku wa kuamkia Uhuru wa Tanganyika mwezi Desemba mwaka 1961, Mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Miaka michache baadaye, mwaka 1969, kundi la vijana wasioona wa Afrika Mashariki liliupanda mlima huo huo, mrefu kuliko yote katika Afrika. Walikwenda kwa miguu, kwa fimbo, na kwa sauti za wenzao. Mwenge haukuwasaidia kuiona njia. Lakini maana ya Mwenge waliibeba wao.

Tukisema hivyo tusije tukatia chumvi. Mwangwi haumwambii mtu rangi ya nguo, wala hausomi barua, wala haulioni shimo lililochimbwa njiani na kuachwa wazi. Ndiyo maana fimbo nyeupe haikosi kuhitajika, na kila tarehe 15 Oktoba huadhimishwa duniani kwa ajili yake. Mtu asiyeona si mganga, wala hana hisi ya sita. Anazo zile zile tulizo nazo sisi, ila amezifunza. Na kwa kuwa amezifunza, hapana budi pawe na aliyemfundisha, au angalau aliyemwachia nafasi ya kujifunza.

Hapo ndipo lilipo jambo zito tunalotaka kulisema. Katika mwaka wa pili wa utumishi wetu alifika ofisini mzee mmoja kutoka kijijini, ambaye alitaka uhamisho wa shule kwa mwanawe wa kiume. Fomu iliuliza idadi ya watoto wa umri wa shule. Akataja watatu, tukaandika watatu. Alipoinuka kwenda zake, akasita, akasema, "Yupo na wa nne, ndugu karani, ila huyo haoni." Tulipomwuliza kwa nini hakumtaja, alijibu bila ubaya wowote moyoni, "Ningemtaja kwa lipi? Atasoma kwa kitu gani?" Mtoto huyo alikuwa msichana wa miaka minane. Alikaa nyumbani, kwenye mkeka, akiwatunza wadogo zake.

Tulimpeleka mzee yule kwenye chumba cha swichibodi, tukamketisha. Hatukumhubiria. Alikaa muda wa saa nzima akimtazama opereta akiunganisha simu za wilaya zote, akipokea, akikata, akitaja namba kwa kichwa. Mwishowe opereta akamgeukia. "Mzee mwenzangu, nasikia pumzi zako tangu uingie. Una binti?" "Ninaye." "Basi mlete kabla hajakua mtu mzima kwenye huo mkeka."

Hakuahidi kitu. Lakini Januari iliyofuata alirudi na binti yake, na sanduku la bati, na godoro. Nafasi katika shule iliyowapokea wasioona ilikuwa imejaa. Alirudi naye nyumbani. Mwaka wa pili ikawa vile vile. Msichana yule alianza darasa la kwanza akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na hiyo miaka mitatu hakuna aliyemrudishia.

Alipofika darasa la pili ilikuja bahasha, si kwetu, bali kwa opereta. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na mvua ilikuwa imetia giza chumbani. Tulimfungulia bahasha kama alivyoomba, tukaitazama karatasi iliyokuwamo. Ilikuwa nyeupe tupu. Tuliigeuza mbele na nyuma, tukaisogeza dirishani, hatukuona neno. Mzee alinyoosha mkono, akaiweka juu ya meza, akapitisha kidole, akatusomea salamu za mtoto kwa sauti, na habari ya mtihani, na ombi la kupelekewa sabuni. Katika chumba kile alikuwamo mtu mmoja tu aliyeona, na hakuwa sisi.

Basi jibu letu ni hili. Kama kuona ni kupokea nuru kwa retina, binadamu hana mlango mwingine wa maana nje ya ule mwembamba aliopewa, na anayedai kuwa nao akaguliwe kitambaa chake. Lakini kama kuona ni kujua kilichopo, mahali kilipo na umbo lake, ili mtu aweze kukiendea, au kukikwepa, au kukisoma, basi binadamu aweza kuona kwa sikio, na kwa kidole, na hata kwa mgongo. Ubongo hauulizi habari imepita wapi. Huuliza tu kama habari imefika, na kama mwenyewe amefunzwa kuisoma. Wahenga walisema kwamba heri kufa macho kuliko kufa moyo, nao hawakuwa wakitoa pole, bali walikuwa wakitaja ukweli.

Walimu wetu wana sehemu yao. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutamka haki ya elimu, lakini sheria haiendi yenyewe kugonga mlango wa nyumba ambayo mtoto wa nne hatajwi. Mwalimu huijua mitaa inayoizunguka shule yake. Na aulize, "Je, yupo mwingine?" Wanafunzi nao wajaribu jambo dogo: wafumbe macho, wapige kidoko mbele ya ukuta, kisha mbele ya uwanja mtupu, wasikilize tofauti. Hawatakuwa wataalamu kwa siku moja. Lakini wataacha kudhani kwamba mwenzao anaishi gizani.

Lugha yetu, ambayo tumeianza nayo, ina onyo la mwisho. Kutokana na kuona twapata maono, na maoni, na kuonana. Lakini kutokana na mzizi huo huo twapata pia kuonea. Kila mara tunaposema juu ya mtoto kwamba haoni, kisha tukamwacha pale pale alipo, mtoto huyo hana kosa. Yeye haoni, sisi ndio tunaomwonea.